Nishani ya Mmoja, Mzinga wa Wengi: Utumishi wa Havildar Umrao Singh katika Vita vya Burma

Utangulizi

Nchini Uganda herufi mbili, VC, zina historia ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Rais Idi Amin, aliyetawala tangu mwaka 1971 hadi 1979, alizipachika katika orodha ndefu ya vyeo na sifa zilizofuata jina lake. Asiyejua angedhani kwamba ni Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa vitani ya Uingereza. Haikuwa hiyo. Ilikuwa Victorious Cross, nishani iliyotengenezwa kwa kuiga ile ya Uingereza, naye akajitunuku mwenyewe. Amin alidai pia kwamba alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ilhali alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, mwaka 1946. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha.

Kwa sababu hiyo, sisi tuliozaliwa baadaye tumelelewa tukizitazama nishani kwa jicho la mashaka. Kifua kilichojaa nishani kinatukumbusha mtawala aliyejipamba, si askari aliyetumika. Mashaka hayo yana msingi. Hata hivyo, ninadai kwamba yametuzuia kuuliza swali ambalo mwanafunzi wa historia anapaswa kuuliza: nishani ni ushahidi wa nini? Nani aliona, nani aliandika, na nani hakuonekana?

Ili kulijibu swali hili nimemchagua askari mmoja wa mizinga aliyeipata Victoria Cross ya kweli, Havildar Umrao Singh wa India, aliyepigana katika bonde la mto Kaladan nchini Burma mwezi Disemba 1944. Sikumchagua kwa sababu ya sifa zake pekee. Mzinga wake ulikuwa ukiwasaidia askari Waafrika, na wakati uleule Waafrika wengine, wakiwamo Waganda, walikuwa wakipigana upande mwingine wa nchi hiyohiyo. Kwa hiyo historia yake inapakana na yetu. Nitaeleza utumishi wake kwanza, kisha nitaisoma hati iliyompatia nishani, halafu nitaitazama hali yake baada ya vita, na mwisho nitawatazama wapiga mizinga wa Afrika Mashariki ambao hati kama ile haikuwaandikia chochote.

Kutoka Palra hadi Bonde la Kaladan

Umrao Singh alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Palra, eneo la Jhajjar, ambalo leo limo katika jimbo la Haryana, kaskazini mwa India. Alijiunga na jeshi la India la wakati wa ukoloni mwezi Novemba 1939, miezi michache tu baada ya vita kuanza Ulaya. Mwaka 1942 alikuwa amepanda hadi cheo cha havildar, ambacho katika majeshi yetu ni sawa na sajenti. Aliwekwa katika Rejimenti ya 30 ya Mizinga ya Milimani, kikosi cha 33, na humo akakabidhiwa uongozi wa mzinga mmoja pamoja na watu wake.

Hapa inafaa tueleze kazi ya askari wa mizinga, kwa maana insha nyingi za vita huwazungumzia askari wa miguu peke yao. Bunduki ni silaha ya mtu mmoja: anaibeba, anaijaza, anailenga na kuifyatua. Mzinga haufanyi kazi hivyo. Mmoja huelekeza mtutu, mwingine hujaza risasi, mwingine hufyatua, wengine huleta risasi na kuziandaa. Mizinga ya milimani iliundwa ili iweze kufumuliwa vipande vipande, ikabebwa na nyumbu katika njia ambazo gari haliwezi kupita, kisha ikaunganishwa tena mahali pa kupigania. Neno lenyewe katika Kiswahili linasaidia kueleza: mzinga ni silaha, na mzinga ni ule mwanzi au gogo lililotobolewa ambamo nyuki hukaa. Jina limetokana na umbo, lakini mimi naona linafaa pia kwa kazi, kwani hakuna mzinga wa nyuki mmoja.

Kiongozi wa mzinga, basi, si mpigaji hodari tu. Ni mtu wa kuwaweka wenzake pamoja wakati risasi za adui zinawaangukia, hasa kwa kuwa askari wa mizinga hana pa kukimbilia na silaha yake. Askari wa miguu anaweza kurudi nyuma na bunduki yake begani. Mzinga ukiachwa umepotea, na adui anaweza kuugeuza uwapige wale wale uliokuwa ukiwalinda. Katika mila za majeshi ya Uingereza na India, mzinga ulihesabiwa kama bendera ya kikosi. Kuupoteza ilikuwa aibu.

Japani iliiteka Burma mwaka 1942. Mwisho wa mwaka 1944 majeshi ya Uingereza, India na Afrika yalikuwa yakisonga mbele kuikomboa. Katika jimbo la Arakan, upande wa pwani ya magharibi, Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi ilipewa kazi ya kushuka bonde la Kaladan. Divisheni hii ilikuwa na askari kutoka Nigeria, Gold Coast, Sierra Leone na Gambia. Ilipigana katika misitu na milima isiyo na barabara, ikapata chakula na risasi kwa ndege zilizodondosha mizigo kwa miavuli, na mizigo hiyo ikabebwa na wapagazi Waafrika vichwani. Mzinga wa Umrao Singh ulikuwa mbele kabisa, ukiisaidia batalioni ya 8 ya Rejimenti ya Gold Coast, yaani askari wa nchi ambayo leo ni Ghana.

Usiku wa Tarehe 15 Kuamkia 16 Disemba 1944

Habari za usiku huo tunazipata katika hati rasmi iliyoambatana na tuzo yake. Nitazieleza kwa maneno yangu.

Sehemu ya mbele ya kikosi ilikuwa na mizinga miwili, mmoja wao ukiwa chini ya Umrao Singh. Kwa muda wa saa moja na nusu Wajapani waliipiga sehemu hiyo kwa mizinga ya milimita 75 na kwa mota. Baada ya hapo kombania mbili za askari wao wa miguu zilishambulia. Katika umbali huo mfupi mzinga hausaidii sana, kwa hiyo wapiga mizinga walilazimika kupigana kama askari wa miguu, kwa bunduki zao, huku wakiuzunguka mzinga wenyewe. Umrao Singh aliwatia moyo, akaongoza upigaji wao, na shambulio la kwanza likarudishwa nyuma. Yeye alikuwa amejeruhiwa mara mbili kwa mabomu ya kutupwa kwa mkono.

Shambulio la pili lilifika karibu zaidi. Alishika mwenyewe bunduki ya rashasha aina ya Bren, akaipiga juu ya ngao ya mzinga wake dhidi ya Wajapani waliokuwa wamebaki yadi tano tu, yaani kama hatua tano au sita za mtu mzima. Wakarudishwa tena. Likaja la tatu, likaja la nne, nayo yakashindwa vivyo hivyo. Kufikia hapo watu wake wote walikuwa wamekufa au kujeruhiwa, isipokuwa yeye na wengine wawili. Mzinga wa pili ulikuwa umekwisha kutekwa.

Shambulio la mwisho lilipokuja, risasi zilikuwa zimemalizika. Aliokota mtaimbo, chuma kizito kilichotumika katika kazi ya kubeba mzinga, akawaita waliosalia, akawaingilia maadui mkono kwa mkono. Alionekana akiwaangusha watatu kabla ya kuzidiwa na kupigwa hadi akapoteza fahamu.

Saa sita zilipita. Wenzake waliposhambulia na kuirudisha sehemu ile, walimkuta kando ya mzinga wake, hai, akiwa na majeraha saba makubwa, na uso wake ukiwa umeharibika kiasi kwamba hakutambulikana kwa urahisi. Wajapani kumi walikuwa wamelala wafu karibu naye. Mzinga haukuchukuliwa. Siku hiyohiyo ulirudi kazini.

Alikuwa na umri wa miaka 24. Wengi wetu tunaosoma insha hii tuko karibu na umri huo.

Kuisoma Hati ya Nishani

Sasa nageukia hati yenyewe, kwa sababu mwanafunzi wa historia haruhusiwi kuishia kwenye kusisimka. Victoria Cross haitolewi kwa kujieleza. Inahitaji mashahidi, inahitaji afisa wa kuandika, na maandishi yake yanapanda ngazi baada ya ngazi hadi yafike kwa mfalme. Hapo ndipo tofauti yake na ile VC ya Amin inapoonekana wazi. Ya Amin ilikuwa nishani iliyotafuta tendo na kulikosa. Ya Umrao Singh lilikuwa tendo ambalo watu wengine walilishuhudia, wakalisema, na nishani ikafuata baadaye.

Lakini hati hiyohiyo, kwa kuwa imeandikwa ili kumsifu mtu mmoja, ina mipaka yake. Nimeona mambo matatu.

Kwanza, ni lile neno "alionekana". Hati inasema kwamba alionekana akiwaangusha maadui watatu. Sisi tunaosoma sarufi ya Kiswahili tunajua kazi ya kauli ya aina hii: humweka mbele anayetazamwa na kumficha anayetazama. Kama alionekana, basi kulikuwa na macho yaliyomwona katika dakika zile, katikati ya vurugu, na macho hayo yalikuwa ya watu waliokuwa katika hatari ileile. Pasipo wao tungebaki na askari aliyelala kando ya mzinga na maiti kumi zisizo na maelezo. Shahidi ndiye aliyeibeba historia, ila hati haimpi jina.

Pili, ni wale wawili waliobaki naye. Walisimama katika mashambulio manne. Waliitikia alipoita kwa mara ya mwisho, wakati hapakuwa na risasi. Katika hati wao ni hesabu tu: "wengine wawili". Pamoja nao wako wale waliokufa na kujeruhiwa kuuzunguka mzinga, ambao wao hata idadi yao haikutajwa.

Tatu, ni mzinga wa pili. Hati inautaja kwa kupita tu, kwamba ulikuwa umetekwa. Watu wa mzinga huo walipigwa na mizinga ileile ya milimita 75 kwa saa moja na nusu ileile, na walishambuliwa na kombania zilezile. Hatuna haki ya kudhani kwamba walikuwa na ujasiri pungufu. Labda walipigana hadi wa mwisho, na ikiwa ni hivyo, basi hakubaki mtu wa kusimulia. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii kwa kawaida tunaitumia katika mambo ya mgawo na ya vikao, lakini inafaa sana katika uandishi wa historia ya vita. Wafu wa mzinga wa pili hawakuwapo wakati wa kuandika, na lao halikuandikwa.

Sisemi haya kumpunguzia Umrao Singh. Yeye hakuiandika hati ile, na mtu aliyezimia hawezi kuamua atakumbukwa vipi. Ninachosema ni kwamba nishani ni chanzo cha historia kama vyanzo vingine. Inatuambia ukweli kuhusu mtu mmoja, na ukiichunguza vizuri inatuonyesha pia mahali walipokuwa wengine, hata kama haikuwataja. Mzinga ulikuwa wa wengi, nishani ikawa ya mmoja.

Kuna pingamizi ambalo wenzangu huleta katika mijadala ya aina hii: kwa nini tumsifu mtu aliyeupigania ufalme uliokuwa umeitawala nchi yake? Swali hili ni zito, hasa tukikumbuka kwamba upande wa Wajapani kulikuwa na Wahindi pia, wale wa Jeshi la Taifa la India chini ya Subhas Chandra Bose, waliodai kuwa wanapigania uhuru. Jibu langu ni kwamba historia ya askari wa makoloni haiwezi kugawanywa katika mafungu mawili, wasaliti na wazalendo. Umrao Singh aliacha jeshi mwaka 1946. India ilipopata uhuru, mwaka 1948 alirudi jeshini, safari hii katika jeshi la nchi huru, akalitumikia hadi mwaka 1965. Ni mtu yuleyule na ustadi uleule. Anayemwita kibaraka kwa miaka ile ya kwanza itabidi atafute neno jingine kwa miaka hii kumi na saba ya pili.

Baada ya Vita: Nishani Haijengi Nyumba

Umrao Singh alivishwa nishani na Mfalme George wa Sita katika jumba la Buckingham, London, tarehe 15 Oktoba 1945. Alipostaafu mwaka 1965 alikuwa na cheo cha subedar meja na heshima ya kapteni. Serikali ya India ilimpa tuzo ya Padma Bhushan mwaka 1983. Ukisoma orodha hii utadhani aliishi maisha ya raha.

Haikuwa hivyo. Alirudi kijijini Palra kulima shamba dogo. Posho aliyokuwa akipata kutoka Uingereza kwa ajili ya nishani yake ilikuwa pauni 168 kwa mwaka, kiasi kilichobaki palepale kwa miaka mingi huku bei za vitu zikipanda. Watu walijitokeza kuinunua Victoria Cross yake kwa fedha nyingi, kwa sababu nishani hizi zinatafutwa sana na wakusanyaji. Alikataa. Sababu aliyoitoa ni kwamba kuiuza kungekuwa kuwavunjia heshima wenzake waliokufa vitani.

Sababu hiyo naiona kuwa jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake baada ya vita. Hati iliwaacha wenzake bila majina, lakini yeye mwenyewe aliichukulia nishani kuwa ni yao pia. Hakuihesabu kuwa mali ya kuuza. Aliihesabu kuwa amana.

Mwaka 1995, alipokwenda London katika maadhimisho ya miaka 50 tangu vita kumalizika, alipata nafasi ya kuzungumza na Waziri Mkuu John Major, akamweleza jinsi posho ile ilivyokuwa ndogo. Mwaka huohuo posho ya wenye Victoria Cross ilipandishwa hadi pauni 1,300. Kwa hiyo askari mmoja mzee aliwasemea wenzake wote. Alifariki tarehe 21 Novemba 2005 akiwa na umri wa miaka 85. Alikuwa Mhindi wa mwisho aliyekuwa hai miongoni mwa waliopata nishani hiyo katika Vita vya Pili, na mwili wake ulichomwa kwa heshima za kitaifa.

Tuilinganishe habari hii na ya wale askari wa Gold Coast ambao mzinga wake na mizinga mingine kama huo iliwalinda Burma. Nao walirudi nyumbani wakiwa na ahadi za kiinua mgongo na kazi. Tarehe 28 Februari 1948, askari wa zamani waliandamana mjini Accra kuelekea ngome ya Christiansborg ili kumpelekea gavana malalamiko yao. Polisi waliwazuia njiani, na afisa Mwingereza akawafyatulia risasi. Watatu waliuawa: Sajenti Adjetey, Koplo Attipoe na Odartey Lamptey. Fujo zilizofuata ziliharakisha safari ya Ghana kwenda uhuru wa mwaka 1957. Mwenye nishani alisubiri miaka hamsini apate sikio la waziri mkuu. Wasio na nishani walipokwenda kuomba kusikilizwa, walipigwa risasi.

Wapiga Mizinga wa Afrika Mashariki

Katika mwezi uleule wa Disemba 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imemaliza safari ngumu ya bonde la Kabaw, bonde lililoogopwa kwa malaria na matope, na kufika Kalewa kwenye mto Chindwin. Ndani yake kulikuwa na batalioni za Keya kutoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Uganda, na askari wa Rhodesia Kaskazini. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya mazungumzo. Sisi Waganda tumezoea kusema kwamba Kiswahili kilitujia kambini, na mara nyingi tunalisema kwa lawama. Tungefaa kuongeza kwamba katika kambi hizo walikuwamo pia watu waliokitumia kuitana, kuonyana na kuagana katika misitu ya Burma.

Afrika Mashariki ilikuwa na askari wake wa mizinga. Rejimenti ya 301 ya East African Artillery, maofisa na askari 996, ilipanda meli iitwayo Khedive Ismail bandarini Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944. Meli ilikuwa katika msafara uliokuwa ukielekea Colombo, Ceylon, na kwa askari hao hiyo ilikuwa njia ya kwendea Burma. Pamoja nao walikuwamo mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa majeshi. Jumla ya watu ilizidi 1,500.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Waliokuwa sitaha za chini hawakupata nafasi ya kutoka. Na waliofanikiwa kuruka baharini walikutwa na balaa la pili: nyambizi ilijificha chini ya maji karibu nao, na manowari ya Kiingereza ikalazimika kutupa mabomu ya kina mahali walipokuwa wakiogelea. Nyambizi ilizamishwa mwishowe. Waliokufa kutoka Khedive Ismail ni watu 1,297, na waliookoka ni 214.

Hapa ndipo methali ya asiyekuwapo inapouma. Askari wa Rejimenti ya 301 walijifunza kazi ileile aliyoijua Umrao Singh. Walijua kuelekeza mtutu, kujaza, kufyatua, na kwa pamoja kuulinda mzinga. Walikuwa njiani kwenda kwenye vita vilevile. Hawakufika. Hakuna hati ya ushujaa inayoweza kuandikwa kuhusu dakika tatu ndani ya meli inayozama, kwa kuwa hakuna tendo la kupimwa na mashahidi wengi wamekufa. Bila shaka ndani ya dakika hizo wako waliosukuma wenzao ngazini nao wakabaki nyuma.

Majina ya askari wengi wa rejimenti hiyo yamo katika ukumbusho wa Afrika Mashariki kwenye makaburi ya vita jijini Nairobi. Katika ukumbusho huohuo limo jina la Sajenti Nigel Leakey wa Keya, Mzungu wa Kenya, aliyepewa Victoria Cross baada ya kufa kwa kupanda juu ya vifaru vya Waitaliano huko Ethiopia mwezi Mei 1941, na ambaye mwili wake haukupatikana. Nishani ile haikupewa Mwafrika mweusi hata mmoja katika Vita vya Pili vya Dunia, ingawa baadhi yao walipata nishani za ngazi za chini. Kwa hiyo ukutani pale yuko mwenye VC pamoja na wapiga mizinga ambao hawakupata hata nafasi ya kuifikia vita. Wote wamepewa kitu kimoja tu, jina lililoandikwa. Ninaona huo ni usawa ambao hawakuupata walipokuwa hai, kwani mishahara na malipo ya askari Waafrika, Wahindi na Wazungu yalipangwa kwa rangi.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha mambo makuu matatu. Mosi, utumishi wa Havildar Umrao Singh ulistahili nishani aliyopewa, na ushujaa wake umethibitishwa na ushahidi wa wengine, kinyume cha nishani ambazo watawala hujitunukia. Pili, hati ya nishani ni chanzo cha historia kinachohitaji kusomwa kwa makini: haisemi uongo, ila inamulika mtu mmoja na kuwaacha gizani waliosimama naye. Tatu, kilichoamua nani akumbukwe na nani asikumbukwe katika vita vya Burma si ujasiri peke yake. Ilitegemea pia nani alionekana, nani alibaki hai kusimulia, na rangi ya mtu.

Kutokana na hayo, ninapendekeza kwamba katika masomo yetu ya historia ya Afrika Mashariki tuache kufundisha vita vya Burma kwa sentensi moja, ile isemayo kwamba askari walirudi na mawazo ya uhuru. Sentensi hiyo ni kweli, lakini haina watu ndani yake. Orodha za majina ya ukumbusho wa Nairobi ziko wazi kwa msomaji yeyote. Zinaweza kusomwa darasani, jina kwa jina, cheo kwa cheo, na kuulizwa maswali: huyu alitoka wapi, alikuwa na kazi gani kwenye mzinga, nani alipelekewa habari za kifo chake na kwa lugha gani. Askari wenyewe karibu wote wamekwisha kufa, lakini watoto wao wengi bado wako hai, nao ni wazee sasa. Walisikia habari hizo nyumbani, mara nyingi kwa Kiswahili cha Keya, na tusipowahoji katika miaka hii michache ijayo, hatutapata mwingine wa kumwuliza.